Naomba ushauri: wifi ya wateja imeingiliana na ya kazi

Habari zenu wakuu. Nina kihoteli cha samaki hapa Kondele, Kisumu, meza nane tu. Wateja wakingoja samaki huuliza wifi, nami nikabandika nywila ukutani, juu ya sinki ya kunawa mikono. Kosa langu. Juzi printa ya risiti ikaanza kutema karatasi yenyewe, karibu mita nzima ya alama zisizosomeka. Kumbe mtoto wa mteja ameiona kwenye simu, akaitumia picha. Tulicheka, lakini usiku sikulala: kompyuta ya hesabu iko kwenye mtandao huo huo.

Ruta yangu ina sehemu ya mtandao wa wageni. Nikiiwasha, printa na kompyuta hazitaonekana kabisa, au kuna mahali pengine pa kuwatenganisha? Kuna pia WPA2 na WPA3, aina mbili za ulinzi wa wifi; simu za zamani zitakubali ipi? Nywila niibadilishe kila wiki?

Halafu kuna vijana wanaokaa na soda moja tangu saa nne hadi jioni wakipakua filamu. Naweza kuwapunguzia kasi bila kununua kifaa kingine? Nikilazimika, bajeti haizidi elfu tano.