Vipande vya ala ya upanga wa Kikelti nyumbani: nta, bamba au pyuta?

mhunzi_wa_jikoni (Leeds)

Salaam wakuu. Upanga ninao, butu, wa maonyesho. Ala nimechonga mwenyewe kwa mbao mbili zilizounganishwa kwa gundi. Kilichobaki ni vipande vya shaba, na hapo nimekwama wiki ya tatu sasa.

Ninaouiga ni upanga wa Kirkburn, wa Wakelti, wale watu wa kale wa Ulaya, uliofukuliwa mwaka 1987 kaburini huku Yorkshire Mashariki na sasa uko British Museum. Una miaka kama 2,200 na ushee. Mpini peke yake umeungwa kwa vipande 37 vya chuma, shaba na pembe. Ukiongeza ala vinapita 70. Siutaki wote, sina maisha marefu hivyo. Nataka bamba la mbele lenye michoro ya mizunguko, kitanzi cha nyuma cha kupitisha mkanda, na kile kiatu cha ncha kinachobana kingo za ala zisiachane.

Njia nilizoona ni tatu: kusubu, yaani kuyeyusha na kumimina, bronzi (mchanganyiko wa shaba na bati) kwa kalibu ya nta, kufua bamba kwa nyundo, au kusubu pyuta, ile aloi ya bati, kisha kuipaka rangi. Nyumba ni ya kupanga, nina kiuwanja nyuma, mfuko ni pauni 150. Nani amejaribu nini?

fundi_moto (Nairobi)

Nta, bila mjadala. Unafinyanga kipande kwa nta ya nyuki, unakivika udongo, unachoma nta itoke, unamimina bronzi pale nta ilipokuwa. Kiatu cha ncha kina mfereji ndani na mashavu yaliyobinuka nje. Ukitumia kalibu ya mchanga, kielelezo hakitoki bila kubomoa ukuta. Nta haijali, yenyewe inayeyuka na kwenda zake.

Na wenyewe ndivyo walivyofanya. Huko Gussage All Saints, Dorset, mwaka 1972 walichimba wakakuta vipande zaidi ya 7,000 vya kalibu za udongo za kusubia vifaa vya farasi. Kila moja ilitumika mara moja ikavunjwa.

Udongo wangu ni wa kichuguu, uliochekechwa, nachanganya na mchanga mwembamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Tabaka la kwanza liwe kama uji, lipake kwa brashi polepole, maana hilo ndilo linalobeba michoro. Mengine juu yake yawe mazito. Kausha kivulini siku kadhaa.

Sasa sikiliza hili vizuri. Mwaka juzi niliharakisha, kalibu ikawa kavu nje, mbichi ndani. Nilipomimina nilisikia kama mtu anakohoa ndani ya udongo, halafu shaba ikaruka yote ikapita juu ya kichwa changu. Kovu ninalo shingoni hadi leo, na nilikuwa nimevaa aproni ya ngozi na kioo cha uso. Kalibu ichomwe mpaka iwake nyekundu, imiminiwe ingali moto. Ukiona shaka, usimimine.

bi_sonara (Mombasa)

Mwanangu wa Leeds, kabla hujanunua tanuri nisikilize na mimi. Bamba la mbele hata hao Wakelti hawakulisubu likatoka hivyo. Lilifuliwa likawa jembamba. Ala zao nyingi ni mabamba mawili tu, la mbele limekunjwa kingo zake zikalikumbatia la nyuma. Hiyo ni kazi ya nyundo na subira.

Nunua bamba la bronzi la milimita 0.5 au 0.6. Ukiwa mgeni anza na shaba nyekundu, ni laini na inasamehe. Kila ukilipiga linakuwa gumu, na utalisikia kabla hujaliona: nyundo inaanza kulia juu badala ya kusema "tup, tup". Hapo acha. Zima taa, lipashe kwa gesi mpaka lianze wekundu hafifu wa kaa linalokufa, basi. Ukingoja liwake kama jua utalichoma. Shaba nyekundu itumbukize majini, haidhuriki. Bronzi nenda nayo taratibu, iache ipoe yenyewe. Nilifundishwa kwenye fedha nikiwa mtoto na sheria haijabadilika.

Michoro iinue kutoka nyuma, bamba likiwa limelala juu ya lami iliyochanganywa na unga wa matofali na mafuta ya mnyama. Lami inalishika bamba lakini inabonyea chini ya patasi. Ukipiga juu ya mbao ngumu, mchoro utakosa tumbo.

Hicho kitanzi ni kidogo, kisubu kwenye mfupa wa dome, yule mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi. Sisi huku tunauokota ufukweni bure, huko Ulaya unauzwa kwa ajili ya kasuku. Unaukata mara mbili, unasugua nyuso mpaka zilale sawa, unakandamiza kielelezo katikati. Ule mfupa unaacha mistari kama ya mawimbi kwenye metali. Utaisugua kwa tupa, au utaiacha, mimi naipenda.

fundi_moto (Nairobi)

Shikamoo mama. Kwenye bamba nimeshindwa, nakubali. Kwenye kiatu cha ncha sijashindwa.

bi_sonara (Mombasa)

Marahaba. Kwenye kiatu sikukupinga.

pyuta_tu (Dar es Salaam)

Nyie mnamtisha mpangaji wa watu. Mwenye nyumba akiona tanuri la nyuzi 1,100 uani atamfukuza! Pyuta inayeyuka kwenye nyuzi 240 hivi, jiko la gesi na sufuria ndogo ya chuma vinatosha. Kalibu unaichonga kwenye jiwe laini au unatumia mpira wa silikoni unaostahimili joto, unatoa vipande kumi jioni moja. Nunua isiyo na risasi, na hiyo sufuria isirudi tena kupikia.

Ubaya wake nausema mwenyewe. Rangi ni ya fedha iliyochoka, na ni laini. Kiatu cha ncha ndicho kinachogonga ngazi, milango na magoti ya watu. Changu cha pyuta kilijipinda maonyesho ya pili. Rangi ya dhahabu niliyopaka ilibanduka pembeni ndani ya mwezi. Kwa picha ni safi kabisa, kwa kuvaa sikushauri.

jumba_la_kale (Vienna)

Naongeza mambo mawili matatu ambayo hayajaguswa.

Kitanzi usikiweke karibu na mdomo wa ala, kama wengi wanavyofanya kwa kuiga mapanga ya bara huku Ulaya, yaliyovaliwa kiunoni upande wa kulia. Ala za Yorkshire zina kitanzi karibu na katikati, na kuna visanamu vya chaki vya eneo hilohilo vinavyoonyesha upanga umebebwa mgongoni. Ukikikosea hicho, uzuri wa mengine yote hautakuokoa mbele ya anayejua.

Pili, metali. Nimeona watu wakiyeyusha mabomba ya shaba ya njano na kuyaita bronzi. Hiyo ina zinki, na kabla ya Warumi mafundi wa Uingereza walitumia shaba nyekundu na bati, takriban tisa kwa moja. Zaidi ya usahihi, zinki inachemka kwenye nyuzi 907, kwa hiyo ukiiyeyusha shaba ya njano unapata moshi mweupe. Ukiuvuta, usiku utatetemeka kama mwenye malaria. Na bati ninalosema ni metali yenyewe, si bati la paa! Lile ni chuma kilichopakwa zinki, na nimewahi kumkuta mtu akilikata vipande alitupie chunguni.

Ile rangi nyekundu kwenye Kirkburn ni kioo. Kukifanya nyumbani ni kazi nyingine kabisa, kikizidi moto kinageuka rangi. Gundi ya epoksi yenye rangi nyekundu, ukiisugua kwa msasa wa maji mpaka ilingane na shaba, hatua mbili kutoka hapo hakuna atakayejua.

mhunzi_wa_jikoni (Leeds)

Asanteni sana, hasa kwa kitanzi. Nilikuwa nimeshatoboa matundu sentimita nane kutoka mdomoni. Nimeyaziba.

Vipi nikitoa kielelezo cha kiatu kwa printa ya 3D badala ya kufinyanga nta? Kuna resini, plastiki za printa, zinazochomwa zikatoka kama nta.

fundi_moto (Nairobi)

Inafanya kazi, ila resini haitoki kirahisi kama nta, inataka tanuri linalopanda taratibu na kushikilia joto, la sivyo majivu yanabaki ndani na uso unatoka na vishimo. Pia mstari wa kompyuta umenyooka mno. Mistari ya Wakelti inanenepa na kukonda kama mkono ulivyopumua. Chora kwa nta, hata kama itapinda.

Tena, kiatu kifanye kikubwa kidogo. Bronzi ikipoa inasinyaa kama asilimia moja na nusu. Changu cha kwanza kilitoka kizuri ajabu na hakikuingia.

mhunzi_wa_jikoni (Leeds)

Basi uamuzi: bamba nalifua mwenyewe, kitanzi kwenye mfupa wa dome, kiatu nafinyanga kwa nta. Kukisubu nimempata fundi mwenye karakana yake nje ya mji, ananiruhusu kumimina Jumamosi akiwa pembeni. Tanuri sinunui.

Bamba limefika jana. Nimekata kipande cha majaribio, nimekipasha jikoni taa zikiwa zimezimwa, na ule wekundu wa kaa linalokufa nimeuona. Nyundo itasubiri kesho mchana, jirani wa juu ana mtoto mchanga.

bi_sonara (Mombasa)

Weka gunia la mchanga chini ya lami, sauti itapungua nusu. Na picha tuone, hata likiharibika.