Juisi ya Babu, isichujwe (gumzo la ukoo, Kibosho)

Mama Joyce: Habari za jioni wapendwa. Babu tumbo limemkaza tena, tangu juzi hajapata choo. Nimemsagia juisi ya mapera, sasa naichuja iwe laini. Halafu jirani kaniletea unga wa kusafisha tumbo. Nimpe?

Neema: Shikamoo shangazi. Unga usimpe, hatujui una nini ndani na Babu yuko kwenye dawa za presha. Tumbo limevimba? Anatapika? Kuna damu?

Mama Joyce: Marahaba mwanangu. Hapana, vyote hakuna. Hata hewa inatoka. Ni ugumu tu.

Neema: Afadhali. Basi hiyo juisi usiichuje shangazi, tafadhali. Yale makapi ndiyo tunayoyataka. Yana nyuzinyuzi, ambazo tumbo haliziwezi kuzisaga, zinashuka mpaka utumbo mpana. Nyingine zinashika maji choo kinalainika, nyingine bakteria wanazichachusha na kutoa asidi inayoitwa butireti. Hiyo ndiyo inayolisha ukuta wa utumbo mpana wenyewe.

Baba Elia: Bakteria si ndio wanaotuharisha?

Neema: Wapo hao baba mdogo, ila ni wachache. Mtu mzima anabeba bakteria wanaokadiriwa trilioni 38, karibu wote utumboni, na wengi tunaishi nao kwa amani.

Neema: Na si nyuzinyuzi peke yake. Ule ukakasi ukitafuna ganda la komamanga au pera bichi ni tanini, ziko kwenye kundi la polifenoli. Mmea unajilinda nazo. Sehemu kubwa ya polifenoli haifyonzwi kwenye utumbo mwembamba, inawafikia bakteria huko chini, nao wanazivunja ziwe vitu vidogo ambavyo mwili unavipokea. Komamanga lina aina ya tanini inaitwa elajitanini, bakteria wanazigeuza kuwa kitu kidogo kinachoitwa urolithini. Mimi hili linanishangaza kila nikilisoma: si kila mtu ana bakteria wa kazi hiyo! Mnaweza kugawana komamanga moja, mmoja akapata urolithini, mwenzake asipate kitu.

Shemeji Frank: Kwa hiyo dawa iko kwa bakteria, si kwenye tunda?

Neema: Vyote viwili shemeji. Na tunda nalo linawabadilisha bakteria, wengine linawazuia, wengine wanastawi. Kuna mmoja anaitwa Akkermansia, alitambuliwa Uholanzi mwaka 2004, anaishi kwenye ute wa utumbo. Kwa panya waliolishwa polifenoli za zabibu, aliongezeka sana. Kwa binadamu majibu bado hayalingani, kwa hiyo mtu akikuuzia kopo la polifenoli kwa hadithi hiyo, mwambie hapana asante.

Baba Elia: Lakini mapera si yanafunga choo? Mama alikuwa anatukataza.

Neema: Mabichi, ndiyo, tanini zake ni nyingi. Bibi alikuwa sahihi kabisa. Mchagulieni yaliyoiva, yanayobonyea. Parachichi pia zuri. Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani waliwapa watu wazima parachichi kila siku kwa wiki 12, aina za bakteria zikaongezeka tumboni.

Mama Joyce: Parachichi zinaoza chini ya mti huku!

Neema: Nusu asubuhi, na papai jioni. Msimpe vyote kwa mkupuo, gesi itamtesa. Aongeze kidogo kidogo, na maji ya kutosha, la sivyo nyuzinyuzi zenyewe zitamkaza. Na atembee hadi kwenye migomba na kurudi.

Shemeji Frank: Na matofaa? Watoto wangu hawali mpaka nimenye.

Neema: Yaoshe vizuri waache maganda. Kwesetini, polifenoli ya matofaa, karibu yote iko kwenye ganda.

Mama Joyce: Chujio nimeliweka pembeni. Amekunywa glasi nzima, anasema ni nzito lakini tamu.

Neema: Asante shangazi. Akifika keshokutwa bila choo, au maumivu yakija, tusingoje, ni hospitali.

Baba Elia: Gari ninalo, nipigieni hata usiku. Kesho nashuka soko la Mbuyuni, papai nitaleta mimi. Mawili yanatosha?

Mama Joyce: Matatu baba, wajukuu wapo.