Mkalimani yupo darasani, lakini wanafunzi viziwi bado wanaachwa nyuma

Swali (mwalimu wa fizikia): Nina wanafunzi wawili viziwi, na mkalimani wa lugha ya alama husimama kando yangu kila kipindi. Hata hivyo, ninapochora ubaoni huku nikieleza, huwaona wakihangaisha macho kati ya mchoro na mikono ya mkalimani, na maswali yao hunifikia wenzao wakiwa wamekwisha kuhamia jambo jingine. Je, kasoro iko kwenye ukalimani au kwenye ufundishaji wangu?

Mkalimani: Ndugu mwalimu, kwa maelezo yako, sehemu kubwa iko kwenye ufundishaji. Anayesikia huandika huku masikio yakiendelea kukupokea, ilhali kiziwi akitazama mchoro, maelezo yote yanampita. Chora kwanza, nyamaza autazame, ndipo ueleze. Tena mkalimani hafasiri neno kwa neno. Husubiri wazo likamilike, kwa hiyo hubaki nyuma yako kwa sekunde kadhaa, na ukimchagua papo hapo aliyewahi kunyosha mkono, viziwi hawatajibu kamwe. Andalio la somo nalo limfikie mkalimani mapema, kwa sababu istilahi kama "mchapuko" zisipokuwa na alama iliyokubaliwa hutahajiwa kwa vidole, na herufi zikikimbia hakuna anayezishika.

Kiziwi, mhitimu: Naafiki, ila waulizeni wanafunzi wenyewe. Mimi nilisoma kwa mkalimani aliyewekwa mbele ya dirisha, nami nikawa natazama kivuli kinachopunga mikono (hakuna aliyeniuliza kama ninaona). Walimu nao walimwambia yeye, "Muulize kama ameelewa," ilhali nimeketi mbele yao. Halafu mkalimani asifanywe badala ya mwalimu anayejua lugha ya alama: ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, inazitaka nchi kuajiri walimu wenye ujuzi wa lugha hiyo, wakiwemo walimu wenye ulemavu.

Mwalimu wa fizikia: Asanteni. Kuchora na kueleza kwa pamoja nitaacha. Ila mkalimani wetu ni mmoja, na mara nyingine nina vipindi viwili mfululizo.

Mkalimani: Kwa kazi ndefu, kwa kawaida wakalimani wawili hupokezana kila baada ya dakika 20 hivi, kwa kuwa akili ikichoka makosa huongezeka kabla mkalimani mwenyewe hajayatambua. Mkiwa na mmoja, katisha maelezo kwa zoezi la kuandika kimya, naye ashushe mikono.