Kuna mtu amenivunjia heshima mbele ya kikapu. Nyote mnamjua, simtaji

MkonoMrefu:

Jamani nimetoka uwanja wa gofu ya diski sasa hivi, viatu sijavua, vidole vinatetemeka kwenye simu. Mkiona herufi imekosewa msinisahihishe. Leo hapana.

Nyote mnamjua. Yule wa kofia. Yule ambaye muziki wa gari lake hufika robo saa kabla ya gari. Yule aliyerudi kutoka ughaibuni na mkoba wa diski unaotosha kufungulia duka, na zote anazizamisha kwenye kinamasi kile kile. Kama umesoma mpaka hapa na bado hujamjua, wewe ni mgeni Entebbe, karibu sana.

Ni hivi. Shimo la mwisho. Upepo wa ziwa umeshaamka, ule wa alasiri unaokuja moja kwa moja usoni. Mimi niko mita saba hivi kutoka kwenye kikapu cha minyororo tunachorushia, na puta yangu kubwa mkononi, diski ya mrusho wa karibu, ile pana, bapa juu, ukingo mnene na butu. Ndiyo, aina hiyo inaitwa kifuniko, wachezaji dunia nzima wanaiita hivyo, si mimi niliyeibatiza. Nikiingiza nimemfunga kwa mrusho mmoja. Watu wamekaa kwenye majani, wengine na rolex ya chapati na mayai mkononi. Kimya. Nimeshavuta pumzi.

Yeye, bila hata kushusha sauti: "Ngojeni kwanza, mama wa chakula anatafuta kifuniko chake."

Na mama wa chakula AKAJA. Wallahi akaja, mwiko mkononi, unga wa posho mpaka kwenye viwiko. Akaitazama puta yangu, akaigeuza, akaigonga kwa kucha, akanirudishia. "Hapana baba, changu kina mkono." Akaenda zake.

Hilo ningelimeza. Nimeshameza mengi uwanja huu. Nikajipanga upya, nikarusha. Diski ikatoka safi, inazunguka vizuri, imelala sawasawa. Ikakutana na upepo. Ikainua pua. Ikapanda pole pole, minyororo ikabaki chini yake, ikafika juu ya paa la kikapu na kukaa. Katikati kabisa. Haikutikisika hata kidogo.

Kimya tena. Na ndani ya kimya hicho yule mtu akasema:

"Kimefunika."

KIMEFUNIKA!!! Watu wazima walianguka chini. Kuna mzee mmoja wa heshima zake, alikuwa anasubiri muda wa swala tu, alivua miwani akafuta machozi. Ndege kaloli waliokuwa juu ya mti waliruka wote. Kicheko kile kilivuka maji, saa hizi wavuvi wa Kalangala wanahadithiana habari zangu.

Sasa niulize. Kabla ya 1983, kampuni ya Innova walipotoa diski yao ya Eagle yenye ukingo uliochongwa, watu walikuwa wanarusha nini? Vifuniko! Mabingwa wote wa miaka ya sabini walirusha vifuniko. Wote walikuwa wapishi?

"Kimefunika." Alisema taratibu kabisa, kama daktari anayetangaza ugonjwa. Nataka aniombe radhi. Kwa maandishi.

---

BusiaBoda:

Kimefunika hahahahaha. Kaka nisamehe, nilikuwa na abiria, nimelazimika kusimamisha pikipiki. Abiria naye ameomba nimsomee. Naye ameshuka anacheka.

---

MamaMapacha256:

Pole sana kaka yangu. Swali dogo tu: kilifunika kabisa au kiliacha nafasi mvuke utoke?

---

MkonoMrefu:

Dada, na wewe pia?

---

FundiMinyororo:

Tuweke utani pembeni kidogo, maana hapa kuna kosa la kununua kabla ya kosa la kurusha.

Kanuni za PDGA, chama cha kimataifa cha gofu ya diski, zinasema diski isizidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, na kwa vyovyote vile isizidi gramu 200. Puta ya kawaida kama Aviar ina sentimita 21 na kidogo, kwa hiyo kikomo chake ni kama gramu 175 hivi. Ya sentimita 23 inaruhusiwa kufika karibu 191. Maana yake ukichukua kipana, una ruhusa ya kuchukua kizito. Watu hawachukui. Wananunua kipana halafu chepesi, kwa sababu kikirushwa bila upepo kinaelea vizuri na mtu anajiona bingwa. Kisha anakuja kusimama nacho kando ya ziwa alasiri.

Upepo wa mbele huinua diski, wa nyuma huishusha. Kwenye kifuniko inakuwa zaidi, maana upepo umepata pa kushika. Dawa yake: pua chini, lenga nusu ya chini ya minyororo, na uizungushe kwa kifundo cha mkono. Usiisukume kwa bega. Kifuniko bila mzunguko ni kuomba Mungu.

Na kabla hujalipa, shika kwanza. Ukingo ukiwa na kina kuliko vidole vyako, utakuwa unaiachia mahali tofauti kila siku, halafu utasema ni upepo.

---

MkonoMrefu:

Fundi, yangu ni nzito. Na mkono wangu hauna tatizo. Na hili ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, diski inapata mbebo mdogo, kwa hiyo kipana ndicho kinachotufaa sisi. Ndiyo maana za yule bwana zinadondoka kinamasini.

Lakini hiyo si mada. Mada ni kwamba mtu mzima alitazama diski yangu juu ya paa akafungua mdomo akasema vile.

---

BusiaBoda:

Akasema nini? Nimesahau, rudia.

---

MkonoMrefu:

Alisema kimefunika!!

---

BusiaBoda:

Hahahaha asante.

---

Bombo_Mstaafu:

Nilikuwepo. Kuna jambo hamlisemi, nalo ni mguu. Ndani ya mita 10 kutoka kikapuni huruhusiwi kupita alama yako ya kurushia mpaka uonyeshe umetulia. Huyu kijana alikuwa ameshaanza kutembea kwenda kushangilia, diski bado iko hewani. Hata ingeingia ningeinua mkono.

---

MkonoMrefu:

Mzee shikamoo. Kwa heshima zote, ulikuwa unakula muhogo umenipa mgongo.

---

Bombo_Mstaafu:

Marahaba. Muhogo hauzibi macho. Na niongeze: Baraza la Mawaziri limeidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi tangu 2022, tukafurahi sisi tuliokisema miaka yote tukiitwa wanajeshi. Kumbe kazi yenyewe ni hii.

---

AruaMoto:

Naomba kueleweshwa, mimi bado mwanafunzi. Ikikaa juu ya kikapu haihesabiwi hata kidogo? Si imefika?

---

FundiMinyororo:

Haihesabiwi. Lazima ipite juu ya trei na chini ya paa la minyororo, halafu ibaki imeshikwa na trei au minyororo. Juu ya paa unarusha tena.

---

MamaMapacha256:

Kwa hiyo yule bwana hakutukana. Alitoa taarifa.

---

Mgeni_mpya:

Habari zenu. Nimejiunga leo. Mimi simjui kabisa huyo mtu mnayemsema, ila nasikia ni mchezaji mzuri sana, mcheshi, na mkoba wake ni wa kisasa. Nadhani alitaka tu kupunguza presha. Pia nasikia diski zake hazidondoki kinamasini mara nyingi kama mnavyosema.

---

MamaMapacha256:

Karibu Bwana Kofia.

---

BusiaBoda:

Karibu sana. Tuma ile elfu tano ya Jumamosi. Ulisema simu haina mtandao, naona leo unao.

---

Mgeni_mpya:

Mmenifananisha.

---

MkonoMrefu:

NI YEYE! Niombe radhi hapa hapa, mbele ya watu!

---

Kaloli_Mzee:

Tukitaja kinamasi naomba niseme langu, maana nimenyamaza sana. Wale watoto wa kinamasini. Diski ikiingia kwenye mafunjo unamwona mmoja amesimama pale pale, unamuuliza, anakuambia hajaona kitu. Kesho yake anauza barabarani. Juzi nimeuziwa diski yangu mwenyewe shilingi elfu kumi. Nikamwonyesha, kijana, hili ni jina langu, limeandikwa hapa chini kwa wino. Akasoma, akanitazama, akasema basi ongeza elfu mbili, hii imesainiwa.

---

Pilipili_Jinja:

Wewe angalau umeuziwa diski. Mimi yangu nimeikuta juu ya bati inaanikiwa mukene, dagaa wa ziwani. Nilipoidai nikaambiwa nisubiri wakauke. Nikasubiri, ningefanyaje? Nimeiosha kwa sabuni ya kipande, kwa limau, kwa majivu. Bado nikifika uwanjani paka wa jirani wanajipanga nyuma yangu mpaka shimo la tisa.

---

AruaMoto:

Hiyo uliyoanikiwa mukene ilikuwa pana au ya kawaida?

---

Pilipili_Jinja:

Pana. Kwa nini?

---

AruaMoto:

Nauliza tu. Basi vifuniko vina kazi.

---

MkonoMrefu:

Tafadhali turudi kwenye mada.

---

FundiMinyororo:

Msizidharau. Hata kikapu chenyewe cha minyororo kilibuniwa kwa ajili ya diski za namna hiyo. Ed Headrick wa Marekani, aliyekuwa Wham-O, kampuni ya zile diski za kuchezea za Frisbee, ndiye aliyekileta miaka ya sabini na kuanzisha PDGA mwaka 1976. Zamani watu walilenga miti na nguzo na kubishana kama imegusa au haijagusa. Alichoka na ubishi, akaweka minyororo. Alipofariki 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki zikatengenezwa diski. Mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo.

---

BusiaBoda:

Subiri. Majivu YAKE?

---

FundiMinyororo:

Yake.

---

BusiaBoda:

Mimi nikifa nipelekwe Tororo, achinjwe ng'ombe, watu wale washibe, nizikwe karibu na babu. Asinirushe mtu. Nimeandika hapa, mjomba wangu yumo humu, ameona.

---

MamaMapacha256:

Tena kwa upepo huu wa kwetu, marehemu angelala juu ya paa la kikapu.

---

Mgeni_mpya:

Angefunika.

---

MkonoMrefu:

Mnaona? MNAONA? Ni yeye na anarudia!

---

Kaloli_Mzee:

Kuna anayejua ushuru wa diski siku hizi? Binamu yangu alinitumia tatu tu kutoka Uingereza. Nikaambiwa na yule wa dirishani ni vyombo vya jikoni, vinalipiwa kama vyombo vya jikoni. Nikamwambia ni vifaa vya michezo. Akachukua moja akaipima juu ya kikombe chake cha chai. Ikafunika. Nikalipa.

---

BusiaBoda:

Jamani nitapata ajali leo.

---

Pilipili_Jinja:

Ila mimi kinachoniuma zaidi ya haya yote ni rolex ya pale uwanjani. Hivi mmeiangalia siku hizi? Chapati unaona mkono wako upande wa pili. Yai moja! Bei ya mayai mawili, yai moja, halafu nyanya nyingi ili usigundue.

---

AruaMoto:

Nilidhani ni mimi peke yangu. Juzi ya kwangu ilikuwa kabichi. Kabichi ndani ya rolex, ndugu zangu, tumefika huko.

---

Kaloli_Mzee:

Na karatasi anayofungia ni mtihani wa hesabu wa mtoto wa mtu. Mwenzangu alipata sifuri, nimekula kwa huzuni.

---

MkonoMrefu:

Huu ni uzi wangu jamani. Fungueni wa rolex kivyenu.

---

Bombo_Mstaafu:

Yai moja? Mimi jana nilipewa mawili, na chapati ilikuwa nene.

---

BusiaBoda:

Mzee wewe unapewa mawili kwa sababu unamsalimia kwa Kinubi. Sisi tunafika tunasema "harakisha".

---

Pilipili_Jinja:

Mzee, hiyo salamu inasemwaje? Niandikie taratibu, kesho napita pale saa nne.