Naomba ushauri: Liyongo kwenye Dungeons & Dragons aanzie leveli ya ngapi?

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mi ndo naendesha mchezo wa Dungeons & Dragons hapa kwetu (ule mchezo wa kusimulia hadithi ambao kila mtu anacheza mhusika wake na kurusha dadu), tuko watano mezani, na mmoja anataka kucheza shujaa wa aina ya Fumo Liyongo. Sasa nimekwama. Kwenye huu mchezo shujaa anaanza leveli (ngazi ya nguvu) ya 1, mnyonge, panya wakubwa wachache tu wanaweza kumuua, halafu anapanda taratibu mpaka 20. Liyongo hakupanda popote, tunamkuta tayari ni jitu la nguvu, silaha haimdhuru, mpaka sindano ya shaba kitovuni tena kwa mkono wa mwanawe mwenyewe (Achilles wa hadithi za Wagiriki na kisigino chake ni hivyohivyo). Na kile kifo ndo kinaniuma kuliko yote kwenye hadithi, sitaki kukipoteza.

Nimejaribu kumpa pointi nyingi za uhai, wenzake wakabaki watazamaji. Nikampunguza, akawa askari wa kawaida tu.

Mnisaidie: niwaanzishe wote leveli ya 10 hivi, au mnafanyaje? Na siri ya kitovu niiweke vipi isimalize mchezo mapema?