Naomba ushauri: mishale na mienge tuihesabu hadi wapi?

Wakuu, Mwanjelwa hapa tunacheza Dungeons & Dragons toleo la 5 (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kete), wachezaji wanne na msimulizi. Safari ya wahusika wetu inakatiza Kitulo kushuka Matema, ukungu mtupu. Uzito wa mizigo tumeuacha: mhusika mwenye alama 10 za Nguvu hubeba 10 mara 15, yaani pauni 150, nani atazijaza? Kinachobana ni mienge, kila mmoja huwaka saa 1.

Mishale ndiyo kero. Nusu inaokotwa baada ya pambano, kwa hiyo kutwa ni kufuta karatasi na kubishana. Badala ya kuhesabu, tunafikiria kutupa kete ya pande 6 kila pambano likiisha: ikija 1 au 2, inashuka kuwa ya pande 4, nayo ikija 1 au 2, podo tupu. Ila aliyefyatua mara moja na aliyefyatua mara kumi wanatupa kete ileile! Mnalirekebishaje? Na mienge mnaihesabu kwa kutumia kitu gani? Sisi tunatumia maharage, ila yanamwagika.