Kuuwekea wimbo wa filamu ya Kihindi mdundo wa kuchezeka: mbona ngoma inaukimbia wimbo?

Mpiga Muziki, Shangani, Mtwara

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninapiga muziki katika harusi hapa Mtwara, na tangu fedha za korosho zianze kutoka sijapata Jumamosi ya kupumzika. Wazazi wa maharusi wengi wamekua na filamu za Kihindi, kwa hiyo wao huniomba nyimbo za zamani, ilhali vijana wanataka kitu cha kuchezeka. Nikaamua kuuwekea mdundo mpya wimbo “Chura Liya Hai Tumne”, ule wa filamu ya Yaadon Ki Baaraat ya mwaka 1973, walioimba Asha Bhosle na Mohammed Rafi. Ule mlio wa glasi wa mwanzoni uliposikika tu ukumbini, akina mama walisimama kabla hata gitaa halijakolea. Lakini ubeti wa kwanza haujesha, ngoma yangu imeshatangulia na Asha amebaki nyuma. Wachezaji wakapotezana hatua, na mama mmoja akarudi kitini. Nilipima kasi ya mwanzo wa wimbo kwa kompyuta, nikaifuata hiyo hiyo hadi mwisho. Nimekosea wapi?

Fundi Mitambo, Lindi

Mdogo wangu, kipimo chako kilikuwa sahihi kwa pale ulipopimia. Nyimbo za wakati ule zilirekodiwa Bombay na wanamuziki wengi waliopiga pamoja, fidla, gitaa, tabla na vinginevyo, bila mashine ya kuwahesabia. Mwimbaji akilivuta neno nao humngoja, na wakiingia kwenye kipande cha vyombo vitupu mara nyingi huchangamka kidogo. Tofauti hiyo sikio haliioni, mpaka utie ngoma ya kompyuta, ambayo haimngoji mtu.

Usikilize wimbo wote na uweke alama kwa mkono kila baada ya mizunguko minne ya mapigo, kisha uiamuru programu iivute ngoma yako ifuate alama hizo. Ukifanya kinyume, ukauvuta wimbo ufuate ngoma, sauti ya Asha itakwaruza, na sauti ile ndiyo iliyowainua akina mama. Punguza pia besi ya rekodi ya zamani kabla ya kuweka yako, kwa sababu besi mbili zikigombana spika hutoa mvumo tu.

Jambo jingine ni hesabu. Nyimbo nyingi za filamu huenda kwa kaherwa, yaani mapigo manane, nazo hukubali ngoma ya kawaida ya disko bila taabu. Zile za dadra zina mapigo sita, na ukizilazimishia nne utazivunja. Kwa hizo mimi huchukua mwendo wa tatu-tatu, kama ule ninaousikia katika ngoma za unyago huku kwetu, na watu huchezesha mabega wenyewe bila kuambiwa.

Mama wa Mikindani

Mwanangu, mimi si fundi, ila ni mmoja wa hao wanaosimama. Nakuomba usiukatekate mstari wa kwanza. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alichukua tuni za Kihindi akazitungia mashairi ya Kiswahili, na tulimpenda kwa sababu tuni aliiacha nzima, ikapumua ilipotaka kupumua. Acha mwimbaji aanze bila ngoma, tuimbe naye sisi kwanza. Ngoma nzito uilete katikati ya beti, pale vyombo vinapopiga peke yake. Nafasi ile ni ndefu, na vijana watacheza watosheke.

Msoma Sheria, Mtwara

Naongeza neno kuhusu haki. Wimbo wa filamu una haki za aina mbili, ya utunzi na ya rekodi, na kuongeza mdundo hakuifuti hata moja. Mwaka 2002 wimbo wa mwimbaji Truth Hurts wa Marekani ulitumia kipande cha sauti ya mwimbaji wa India, Lata Mangeshkar, na mwaka uliofuata mahakama ya Los Angeles ikazuia mauzo ya albamu hiyo hadi jina la mtunzi, Bappi Lahiri, liandikwe. Mtayarishaji muziki Bally Sagoo wa Birmingham alipoutengeneza upya huo huo wimbo wako miaka ya 1990, alimtafuta mwimbaji mwingine akauimba tena. Hilo liliondoa suala la rekodi ya zamani, ingawa utunzi unabaki kuwa wa mtunzi wa tuni, R. D. Burman, na mwandishi wa mashairi. Kabla ya kuuza kazi yako au kuiweka mtandaoni, waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, nawe utaje majina ya wenye wimbo kila mara.

Mpiga Muziki, Shangani, Mtwara

Fundi, shikamoo, mama yangu, shikamoo, na ahsanteni nyote. Nimekaa na wimbo huu usiku kucha nikiweka alama, na ni kweli kasi inabadilika, hasa Asha anapomalizia mstari. Mdundo nimeuondoa kabisa mwanzoni. Sasa glasi inalia, gitaa linaingia, Asha anaimba peke yake, na ngoma inaanza pale anapomaliza. Jumamosi nina harusi Ligula, na wimbo huu nitaupiga mara tu baada ya keki, wakati akina mama bado wako mbele.